Mbwa Abadilipo Tabia: Fimbo au Daktari?

Katika nyanda kavu za kati ya Tanzania, tangu Kondoa hadi Mpwapwa na tangu Bahi hadi Kongwa, ni kaya chache zenye mifugo zisizokuwa na mbwa. Usiku mbwa hulala karibu na zizi la miiba na kunusa harufu ya fisi kabla mwenye nyumba hajasikia kitu. Asubuhi hufuatana na watoto wachungao mbuzi. Ujira wake ni makombo ya ugali wa mtama au uwele, na mfupa siku ya sikukuu. Aghalabu hakuna amfikiriaye sana, maadamu kazi yake inaendelea.

Lakini hutokea siku ambayo mbwa huyo hubadilika. Aliyekuwa mpole humng'ata mtoto wa nyumbani. Aliyekuwa mlinzi hodari hujificha na kutetemeka. Mwingine huanza kula mayai, kufukuza kuku wa jirani, au kubweka usiku kucha bila sababu ionekanayo. Hapo shauri hukatwa upesi: apigwe, afungwe mnyororo, akatupwe mbali, au auawe. Ni nadra kumwuliza kwanza mtu mwenye elimu ya wanyama. Hata hivyo, sayansi ya tabia za wanyama imekwisha kuonyesha kwamba swali hilo likiulizwa mapema huokoa mnyama, na pengine huokoa maisha ya mtu.

TABIA INA MIZIZI MITATU

Tabia ni kila tendo linaloonekana ambalo mnyama hulifanya kuitikia mambo yaliyomo mwilini mwake na yale yanayomzunguka. Kubweka, kukimbia, kulamba, kunyamaza, hata kulala kwingi, yote ni tabia. Elimu hii ilipata heshima kubwa mwaka 1973, wakati wanasayansi watatu, Konrad Lorenz, Nikolaas Tinbergen na Karl von Frisch, walipopewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa uchunguzi wao wa mienendo ya ndege, samaki, nyuki na wanyama wengineo. Tinbergen alisisitiza kwamba haitoshi kusema mnyama fulani "ana tabia mbaya". Yapasa kuuliza ni nini kilichoiamsha tabia hiyo, ilikuaje tangu utotoni, na ina manufaa gani kwa mnyama mwenyewe.

Kwa mfugaji, maswali hayo yaweza kufupishwa katika mizizi mitatu. Wa kwanza ni urithi: mbwa wa kuchunga, wa kuwinda na wa kulinda hawazaliwi na mielekeo iliyo sawa. Wa pili ni hali ya mwili: afya, maumivu, njaa, umri, joto la uzazi. Wa tatu ni mafunzo, yaani yote ambayo mnyama amejifunza kutokana na mambo yaliyompata, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kumfundisha. Fimbo haiwezi kutofautisha mizizi hiyo. Kuitofautisha ndiyo kazi ya mtaalamu.

KWANZA: JE, MNYAMA NI MGONJWA?

Daktari wa mifugo aletewapo mbwa aliyebadilika ghafla, haanzi na tabia. Huanza na mwili. Mbwa mwenye kidonda ndani ya sikio humng'ata mtoto amshikaye kichwa, kwa sababu mkono ule umemletea maumivu. Mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma hunguruma akisogezwa. Jike mwenye watoto wachanga huwa mkali kwa siku kadhaa, na ukali huo ni wa kawaida. Magonjwa yaenezwayo na kupe humfanya mbwa awe mzito, mwenye homa na asiyetaka kuguswa. Yako pia magonjwa yanayoshambulia ubongo, kama vile distempa, ambayo huleta mitetemeko na degedege.

Paka naye, anayewekwa kulinda ghala lisiingiliwe na panya, huweza kulaumiwa bure. Paka dume aanzaye kukojoa ovyo, au achuchumaaye mara kwa mara bila kutoa mkojo, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Hiyo si jeuri. Ni hali ya hatari iwezayo kumwua kwa muda wa siku chache, na humlazimu mwenye paka kutafuta daktari siku ile ile.

Juu ya magonjwa yote hayo uko mmoja ambao hufanya mabadiliko ya tabia kuwa jambo la kufa na kupona, nao ni kichaa cha mbwa.

UGONJWA UJIFICHAO NDANI YA TABIA

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyoishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Viingiapo kwenye jeraha, husafiri polepole kwa kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kufika mwaka mmoja. Katika muda huo aliyeng'atwa haonyeshi dalili yoyote. Virusi vikisha kufika ubongoni na dalili zikaanza, karibu hakuna tiba iwezayo kumponya, awe mtu au mnyama.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya kichaa cha mbwa ni tabia. Mbwa mpole huwa mkali. Mbwa mkali huweza kuwa mpole kupita kiasi na kutaka kulamba kila mtu. Sauti ya kubweka hubadilika. Mnyama huzurura mbali na nyumbani, hung'ata mawe, vijiti na chochote kilicho mbele yake. Mnyama wa porini, kama mbweha, hupoteza hofu na kuingia kijijini mchana kweupe. Inafaa kukumbuka pia kwamba kuogopa maji ni dalili ya wanadamu waliopatwa na ugonjwa huu. Mbwa mgonjwa aweza kuonekana akiyakaribia maji bila hofu.

Iko namna nyingine iliyo ya hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Mbwa hulegea, taya la chini huning'inia, mate hutiririka, naye hujitenga gizani. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono mdomoni ili kuutoa. Mkono huo, ukiwa na mchubuko mdogo tu, umekwisha kuvifungulia virusi mlango.

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba katika Tanzania peke yake vifo hivyo hufikia takriban 1,500 kwa mwaka, idadi iliyo kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika taarifa za hospitali. Watoto walio chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa, kwa kuwa wao ndio wachezao na mbwa na ndio wachungao pamoja nao.

Mambo ya kufanya yanajulikana, na kila mwanafunzi hana budi kuyashika. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili apewe chanjo, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa mwenyewe, ikiwezekana bila hatari, afungiwe mahali pa peke yake na ofisi ya mifugo ipewe habari. Mbwa aliyekuwa akitoa virusi katika mate wakati alipong'ata huonyesha dalili au hufa ndani ya siku 10; akiwa hai na mwenye afya baada ya siku hizo, ni ushahidi kwamba hakuambukiza siku ile.

Hapa ndipo inapoonekana hasara ya kukimbilia rungu. Mbwa auawaye papo hapo na kuzikwa huondoka na jibu ambalo daktari alilihitaji. Akipondwa kichwa, hata maabara haiwezi kusaidia ipasavyo, kwani uchunguzi wa kuthibitisha ugonjwa hufanywa kwenye ubongo.

MBWA HUJIFUNZAJE?

Ikiwa daktari amempima mnyama na kumkuta mzima, uchunguzi huhamia kwenye mafunzo. Msingi wa elimu hii uliwekwa zaidi ya karne moja iliyopita. Nchini Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aligundua kuwa mbwa hudondosha mate si kwa kuona chakula tu, bali hata kwa kusikia mlio ambao kila mara hutangulia chakula. Nchini Marekani, mwaka 1898, Edward Thorndike alieleza jinsi paka waliofungiwa katika visanduku walivyojifunza kufungua mlango: tendo lililoleta faida lilirudiwa upesi zaidi, na lile lisiloleta faida likaachwa.

Kanuni hizo mbili hufafanua mambo mengi ya kila siku. Mfikirie mbwa ambweakaye kila mpita njia. Mpita njia anakuja, mbwa anabweka, mpita njia anaondoka. Kwa mtu, yule alikuwa anakwenda zake tu. Kwa mbwa, kubweka kumemfukuza adui. Ushindi huo hurudiwa mara nyingi kwa siku, na mbwa huzidi kuwa mkali bila ya mtu yeyote kumfundisha. Vivyo hivyo, mbwa avunjaye yai na kulila amekwisha kujilipa mwenyewe. Kipigo kijacho saa moja baadaye hakiunganishwi na yai, bali na mtu mwenye fimbo. Dawa nyepesi zaidi ni kuwatengenezea kuku viota vilivyoinuka na kuokota mayai mapema, ili tendo lile lisizae faida tena.

Kipigo kina hatari nyingine isiyoonekana. Kunguruma ni onyo. Mbwa aadhibiwaye kila anapoguruma huweza kujifunza kuacha kunguruma, lakini hofu iliyomfanya angurume hubaki pale pale. Matokeo yake ni mbwa ang'ataye bila kutoa onyo. Wako pia wanaowalisha mbwa pilipili kwa kuamini kuwa itawatia ukali. Pilipili huunguza kinywa na tumbo. Haizai ushujaa, na mnyama mwenye maumivu ni mlinzi asiyeaminika.

Ushahidi kwamba mnyama hujifunza vyema kwa malipo kuliko kwa mapigo haupo mbali. Huko Morogoro, yapata kilomita 260 mashariki mwa Dodoma, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mkufunzi hutumia kidude kidogo kinachotoa mlio mfupi. Kwanza panya hufunzwa kwamba mlio huo hufuatwa na chakula. Kisha mlio hutolewa pale tu anapoitambua harufu inayotakiwa. Pavlov na Thorndike wamo humo wote wawili. Panya mmoja aliyefunzwa hivyo, Magawa, alifanya kazi nchini Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza liitwalo PDSA kwa kutambua mabomu. Ikiwa panya aweza kufikishwa hapo bila fimbo, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hakosi uwezo huo.

MJI UKUAPO, MBWA HUBADILISHIWA MAISHA

Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Kuanzia mwaka 2016 shughuli za Serikali zilihamia huko kwa kasi, na mwaka 2018 mji huo ukapewa hadhi ya jiji. Palipokuwa na mashamba ya mtama pamesimama nyumba zenye kuta na malango. Pamoja na watu, maisha ya mbwa nayo yamebadilika. Yule wa kijijini hutembea kutwa nzima na mifugo, hukutana na watu wa kila namna, na jioni huwa amechoka. Yule wa uani hufungwa mnyororo au hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku, na haoni watu ila wa nyumbani.

Mbwa wa namna hiyo akiwa na hofu, kubweka kusikokoma, au mazoea ya kuzunguka mahali pamoja na kutafuna vitu, hana haja ya kuitwa mwovu. Wachunguzi wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, tangu wiki ya 3 hadi karibu ya 12, ambacho ndani yake hujifunza kwa urahisi ni viumbe gani si adui. Asipoguswa na watu kwa upole katika kipindi hicho, huenda akawaogopa wageni maisha yake yote, na mbwa mwenye hofu ndiye ang'ataye. Samaki mkunje angali mbichi. Kumzoeza mtoto wa mbwa na watoto, wazee, baiskeli na pikipiki kwa upole hugharimu kidogo sana kuliko kumrekebisha akisha kukomaa.

MTAALAMU NI NANI, NA HUPATIKANA WAPI?

Katika nchi kadhaa tiba ya tabia imekuwa tawi kamili la udaktari wa wanyama. Marekani iliitambua kuwa ubingwa mwaka 1993. Mfugaji wa Chamwino au Chemba hana haja ya kungoja bingwa wa namna hiyo. Hatua ya kwanza ni afisa mifugo wa kata au kijiji, ambaye wengi bado humwita bwana mifugo. Yeye huweza kutambua maradhi ya kawaida, kueleza juu ya chanjo, na kumpeleka mwenye mnyama kwa daktari wa mifugo wa wilaya.

Eneo hili lina historia ndefu katika kazi hiyo. Kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa kilianzishwa mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mji huo mpaka leo una chuo cha kuwafunza watumishi wa mifugo. Mafunzo ya shahada ya tiba ya mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, na tangu 1984 yamekuwa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, ambalo huandikisha wenye taaluma hiyo. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza kama anayejiita daktari ameandikishwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kuwatesa wanyama.

Daktari aweza kutoa dawa ya maradhi, kushauri mnyama ahasiwe ili apunguze kuzurura akitafuta majike, au kupanga mazoezi ya wiki kadhaa ya kumwondolea mnyama hofu kidogo kidogo. Kuhasi si dawa ya kila kitu. Hakuondoi hofu iliyokwisha jengeka. Mara chache, mnyama akiwa hatari isiyoweza kurekebishwa, daktari hushauri auawe bila mateso. Hilo nalo ni shauri la kitaalamu, na ni tofauti na hukumu ya hasira.

Lililo kuu zaidi ni chanjo. Wachunguzi wamekuta kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa katika eneo, kichaa cha mbwa hushindwa kuendelea kuenea. Kampeni za chanjo zilizofanywa wilayani Serengeti tangu miaka ya 1990 zilipunguza ugonjwa huo. Kisiwani Pemba uchanjaji wa mbwa ulifaulu kuuzima, na uliporudi uliweza kuzimwa tena. Mbwa aliyechanjwa akibadilika tabia, daktari ana uhuru wa kutafuta sababu nyingine. Asiyechanjwa humlazimisha daktari kuhofia lililo baya kuliko yote.

DAFTARI LA MWENENDO: KAZI YA WANAFUNZI

Daktari humwona mnyama kwa dakika chache, na mara nyingi mnyama haonyeshi tabia yake mbele ya mgeni. Kwa hiyo hutegemea habari za wenye nyumba. "Mbwa wangu amekuwa mkorofi" si habari, ni hukumu. Wanafunzi wa elimu ya viumbe waweza kujizoeza kuandika habari za kweli kwa kumchunguza mnyama wa nyumbani kwao, kutoka mbali na bila kumchokoza, kwa muda wa siku 7. Ukurasa ugawanywe katika safu nne:

1. Siku na saa.
2. Jambo lililotangulia: nani alikuwapo, mnyama alikuwa akifanya nini, kulikuwa na chakula, kelele au radi?
3. Tendo lenyewe, kama lilivyoonekana: alibweka mara ngapi, mkia na masikio vilikuwaje, alisogea mbele au alirudi nyuma?
4. Lililofuata: mnyama alipata nini au aliepukana na nini?

Juu ya ukurasa yaandikwe umri wa mnyama, jinsia, chakula chake, tarehe ya chanjo ya mwisho, na siku ambayo mabadiliko yalionekana kwa mara ya kwanza. Baada ya wiki moja mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi ni jambo gani hurudi katika safu ya pili na ya nne. Mara nyingi sababu hujitokeza hapo, pasipo kifaa chochote ila penseli. Uchunguzi huu ufanywe kwa wanyama wazima tu. Mnyama aliyebadilika ghafla, adondoshaye mate au ayumbaye asikaribiwe na mwanafunzi yeyote. Habari zake zipelekwe mara moja kwa mtu mzima na kwa afisa mifugo.

Mnyama hana maneno ya kueleza maumivu, hofu wala ugonjwa wake. Tabia ndiyo lugha yake ya pekee. Jamii itegemeayo mbwa kulinda mbuzi na watoto wake ina sababu ya kujifunza lugha hiyo, na inaposhindwa kuielewa, kumwita ajuaye kuisoma kabla fimbo haijainuliwa.